Wino Hukaukaje? Uzoefu Wangu wa Kupiga Mihuri ya Mpira

Watu wanaoanza kazi ya kupamba kadi, bahasha, vitambaa na visanduku kwa mihuri ya mpira huniuliza kwanza kuhusu rangi: buluu ipi inapendeza, nyekundu ipi haipauki, nyeusi ipi ni nyeusi kweli. Siwalaumu, kwa kuwa rangi ndiyo inayoonekana juu ya vifuniko vya pedi za wino, na mara nyingi jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko maelezo mengine yote. Hata hivyo, baada ya kukaa muda mrefu na mihuri, karatasi na vidole visivyokosa madoa, nimezoea kulijibu swali hilo kwa swali jingine: wino unaotaka kuununua hukauka kwa njia gani? Kuna wino unaokauka kwa kunywewa na karatasi, kuna unaokauka kwa kiyeyushi chake, yaani umajimaji mkali ulioiyeyusha rangi, kuruka hewani, kuna unaohitaji joto ili ushike, na kuna ambao hautakauka kamwe ukiuweka juu ya kitu kisichoufaa. Anayelielewa jambo hilo anaweza kuchukua pedi asiyowahi kuiona, akasoma maandishi madogo yaliyo mgongoni mwake, na akajua kama itamfaa au la.

Wino ulio rahisi kuuzoea ni ule ambao rangi yake imeyeyuka kabisa ndani ya maji. Tofauti yake na wino wa chembe, ambao nitaueleza baadaye, ni ile iliyopo kati ya maji ya sukari na maji ya chokaa: katika ya kwanza huoni kinachoelea, na ukiyamwaga yanazama yote, katika ya pili kuna unga ulioning'inia majini, na maji yakiondoka unga unabaki juu ya ukuta. Wino wa rangi iliyoyeyuka huingia ndani ya nyuzi za karatasi, na ndiyo maana hukauka upesi, pengine kabla hujamaliza kuusafisha muhuri. Kwa sababu hiyo hiyo ya kuzama, wino huu hupitisha rangi ya karatasi iliyo chini yake. Juu ya karatasi nyeupe unang'ara, juu ya karatasi ya rangi ya maziwa unapoa kidogo, na juu ya karatasi nyeusi hauonekani kabisa, hata uwe wa rangi kali namna gani.

Uwazi huo nimeupenda kuliko nilivyotarajia. Nikipiga muhuri wa jani mara moja, kisha nikaupiga tena kando bila kuupaka wino upya, napata jani la pili lililofifia ambalo linaonekana kama liko nyuma ya lile la kwanza. Nikipiga mara ya tatu, napata kivuli tu. Kwa pedi moja ya kijani kichaka kizima kinapata kina. Wino mzito wa chembe hautoi ngazi hizo kwa upole kiasi hicho, kwa kuwa chapa ya pili huelekea kutoka na mapengo badala ya kufifia.

Lakini kuzama kuna gharama yake. Chukua muhuri wenye mistari myembamba, kwa mfano jani lenye mishipa yote, uupige juu ya karatasi laini isiyo na dawa ya kuzuia unyevu, kisha uitazame chapa kwa kioo cha kukuzia. Pembeni mwa kila mstari utaona vinyweleo vidogo vikitoka nje, kwa sababu wino umefuata nyuzi za karatasi badala ya kufuata umbo la muhuri. Mahali ambapo mishipa miwili inakaribiana, vinyweleo hivyo hukutana na kuziba nafasi. Piga muhuri uleule, kwa wino uleule, juu ya kadi nzito iliyosagwa uso wake ukawa laini na mkavu, na mishipa inasimama kila mmoja peke yake. Mtu akiniletea chapa iliyovimba na kuulalamikia wino, mimi kwanza huomba kipande cha karatasi aliyotumia, kwa sababu nusu ya malalamiko ya wino ni malalamiko ya karatasi.

Wino wa chembe una tabia nyingine kabisa. Rangi yake haikuyeyuka. Ni chembe ndogo sana za pigmenti zilizochanganywa katika umajimaji mzito, ambao mara nyingi una gliserini ya kuuzuia usikauke ndani ya pedi. Huwa unawekwa juu ya sifongo laini, si juu ya kitambaa kigumu, na ukigusa pedi yake kwa kidole unahisi utelezi wa malai badala ya unyevu wa maji. Chembe hizo hubaki juu ya karatasi. Matokeo yake ni rangi nzito inayofunika kilicho chini yake, kingo zilizo safi, na ustahimilivu mkubwa zaidi mbele ya mwanga. Anayetaka chapa nyeupe ya wino mtupu juu ya karatasi nyeusi hana njia nyingine, kwa maana weupe wa wino hutokana na chembe zinazofunika, kwa kawaida unga mweupe wa titani dioksidi, na hakuna weupe unaoweza kupatikana kwa rangi iliyoyeyuka majini. Wino wa dhahabu na wa fedha pia umo katika ukoo huu, kwa kuwa kinachomeremeta ni vipande vidogo vya madini vilivyolala juu ya karatasi.

Sasa hapa ndipo swali la kukauka linapokuwa na uzito. Kwa kuwa umajimaji wenye gliserini hauruki hewani kwa urahisi, wino wa chembe hutegemea karatasi iufyonze umajimaji huo na kuziacha chembe juu. Karatasi ya kawaida hufanya kazi hiyo taratibu, na baada ya muda wa kutosha kidole hakichukui kitu. Karatasi ya kung'aa iliyopakwa utando haifyonzi, na wino hukaa juu yake ukiwa mbichi siku baada ya siku, ukimsubiri mtu wa kwanza atakayeshika kadi. Nimeona kadi nzuri mno, iliyopangwa kwa uvumilivu mkubwa, ikifunguliwa kutoka kwenye bahasha ikiwa na nusu ya maua yake upande wa pili wa karatasi. Aliyeitengeneza alikuwa amesubiri usiku kucha, na angesubiri hata mwezi bila kupata nafuu yoyote. Muda hautoshi kama hakuna mahali pa umajimaji kwenda.

Ajabu ni kwamba uchelewaji huo huo ndio unaoufanya wino wa chembe uwe msingi wa mapambo ya unga unaoyeyuka, kazi ambayo mimi binafsi siichoki. Chapa ikiwa bado mbichi, unainyunyizia unga maalumu wa plastiki, unainamisha karatasi ili unga uliozidi umwagike juu ya karatasi nyingine iliyokunjwa katikati, halafu unagonga mgongo wa kadi kwa ukucha mara mbili tatu ili chembe zilizopotea njia zidondoke. Unabaki na mistari ya unga iliyopauka, yenye sura ya vumbi. Kisha unakileta kifaa cha hewa ya moto kutoka upande mmoja, baada ya kukiacha kipate joto kikiwa mbali na kadi. Kwa muda mfupi hakuna kinachotokea, na mgeni wa kazi hii hudhani kifaa kimeharibika. Ghafla kona moja ya chapa inabadilika: vumbi linalegea, linaungana, linang'aa, na mng'ao huo unatembea kando ya mistari kadiri unavyosogeza mkono. Mara tu mng'ao unapofika, ondoka. Ukichelewa, plastiki inayeyuka kupita kiasi, inazama ndani ya karatasi, na mistari iliyokuwa imeinuka inakuwa bapa na kuacha alama ya mafuta nyuma ya kadi.

Wino wa rangi iliyoyeyuka haufai kwa kazi hiyo, kwa sababu unga hauna unyevu wa kushika unapofika. Upo hata wino ulioundwa kwa ajili ya unga pekee, usio na rangi au wenye rangi hafifu sana, unaonata na kukawia. VersaMark ya kampuni ya Tsukineko ndiyo inayojulikana zaidi. Huo huo, ukipigwa bila unga juu ya karatasi ya rangi, huifanya karatasi ikolee kidogo mahali pa chapa, na unapata pambo linaloonekana tu kadi inapogeuzwa kwenye mwanga. Watu huniuliza pia kama draya ya nywele inaweza kuchukua nafasi ya kifaa cha hewa ya moto. Haiwezi, kwa sababu mbili: hewa yake haifikii joto la kuyeyusha unga, na upepo wake ni mwingi kiasi cha kuupeperusha unga wote kabla haujapata nafasi ya kuyeyuka. Na kama unga unang'ang'ania mahali pasipo na wino, kosa si la wino. Ni umeme tuli wa karatasi au mafuta ya vidole, na tiba yake ni kuipangusa karatasi kwa kijifuko cha unga wa kuondoa umeme tuli kabla ya kupiga muhuri.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa ni la wino mweusi wa kuchorea mistari itakayojazwa rangi baadaye. Pedi nyeusi hufanana zote. Ukizipiga pembeni kwa pembeni juu ya karatasi moja na kuziacha zikauke, ni vigumu hata kwa jicho lililozoea kusema ipi ni ipi, lakini tofauti yao hujitokeza pale brashi au kalamu inapopita juu yake. Kanuni niliyofikia ni fupi: mstari usiyeyuke katika kile kitakachoujia. Rangi za maji zinataka mstari usioyeyuka katika maji. Kalamu za rangi zenye spiriti zinataka mstari usioyeyuka katika spiriti. Na si lazima mstari unaostahimili kimoja ustahimili na kingine, jambo ambalo watu wengi hawaliamini mpaka waone.

Mfano ulio wazi ni wino wa kiyeyushi, ule unaoandikwa kuwa ni wa kudumu na kwamba unashika kila mahali. Mtu husoma neno «kudumu» na kuridhika. Kweli, maji hayautikisi. Lakini spiriti iliyo ndani ya kalamu za rangi ni jamaa wa karibu wa kiyeyushi cha wino huo, kwa hiyo kalamu ikipita juu ya mstari, mstari unalegea na weusi unaburutwa hadi katikati ya ua la manjano. Madhara hayaishii kwenye karatasi, kwa sababu ncha ya kalamu nayo imeshachukua weusi, na utaukuta tena katika kazi ya kesho. Kinyume chake, Memento, ambao ni wino wa rangi iliyoyeyuka katika maji, hustahimili kalamu za spiriti vizuri sana, lakini brashi yenye maji huukoroga. VersaFine, wino wa chembe wenye asili ya mafuta, na Archival wa kampuni ya Ranger, huvumilia rangi za maji vikishakauka sawasawa, na joto kidogo la hewa ya moto huviharakisha. VersaFine ninaupendea jambo la ziada: hutoa mistari myembamba kwa usafi ambao wino mwingi wa chembe hauufikii, ila juu ya karatasi isiyofyonza unachelewa kukauka, na mkono unaopumzika juu yake utabeba nusu ya picha.

Kwa hiyo ninayo kadi ya majaribio, ambayo naipendekeza kwa kila mtu kabla ya kununua pedi ya ziada. Nilipiga muhuri mdogo kwa kila wino mweusi nilio nao, safu mbili, nikaandika jina la wino chini ya kila chapa kwa penseli, nikaziacha zikauke. Katika safu ya kwanza nilipitisha brashi yenye maji kutoka katikati ya chapa kwenda nje. Katika safu ya pili nilipitisha kalamu ya spiriti ya rangi hafifu, ambayo huonyesha uchafu mara moja. Kadi hiyo hujibu maswali ambayo maandishi ya kwenye kifuniko huyazungukazunguka. Ina faida nyingine pia, kwa sababu hujibu kwa karatasi ninayotumia mimi, si kwa karatasi iliyotumiwa na mtengenezaji. Anayejaza picha kwa penseli za rangi hana haja ya haya yote. Wino wowote uliokauka unamtosha, na nisingependa ajitwishe gharama isiyo yake.

Ni haki niseme pia kwamba kuna wakati ambapo kuyeyuka ndiko kunakotafutwa. Distress, wino wa Ranger uliobuniwa pamoja na msanii wa mapambo ya karatasi Tim Holtz, umetengenezwa ili uitikie maji: unapaka, unanyunyizia matone, na rangi inajitenga na kuacha madoa ya kizamani ambayo wapenzi wa karatasi zinazofanana na barua kuukuu huyatafuta kwa makusudi. Kuulaumu wino huo kwamba haustahimili maji ni kumlaumu mvuvi kwa kulowa.

Juu ya kioo, bati, plastiki na vigae vilivyopakwa mng'ao, karatasi haipo ya kufyonza chochote, na wino wa maji hujikusanya katika matone. Hapo ndipo wino wa kiyeyushi, ambao StazOn ni mfano unaofahamika, unapopata kazi yake halali: kiyeyushi huruka hewani ndani ya dakika chache na kuiacha rangi imeng'ang'ania. Mambo matatu huwa nayasisitiza. Dirisha liwe wazi, kwa sababu harufu yake ni kali na si ya kuvutwa kwa muda mrefu. Pedi ifunikwe mara tu unapomaliza, kwa sababu kile kinachokausha chapa ndicho kinachokausha pedi. Na muhuri ushuke wima na kupanda wima, kwa kuwa juu ya kioo mkono ukiyumba kidogo tu mpira unateleza na kuchora mkia. Usafishaji wake nao unahitaji kisafishio chake maalumu, ambacho kwa bahati njema hufuta pia chapa iliyopotoka. Sipigi wino huo mahali panapogusana na chakula au midomo, hata kama umekauka kabisa; vikombe navipamba kwa nje, mbali na ukingo.

Kitambaa nacho kinataka wino wake, yaani wino wa chembe ulioundwa kwa nguo, ambao hushikishwa kwa joto la pasi. Kabla ya yote nguo mpya ifuliwe, kwa sababu wanga na dawa za kiwandani hukaa juu ya nyuzi na kuuzuia wino kuzifikia, na chapa inayoonekana kamili leo itaondoka pamoja na wanga huo siku ya kufuliwa. Ndani ya mfuko au fulana huweka kipande cha kadi ngumu ili wino usipenye upande wa pili. Wino ukishakauka, napitisha pasi yenye moto bila mvuke, juu ya kitambaa chembamba cha kukinga, kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, na sifanyi haraka katika hatua hiyo kwa sababu ndiyo inayoamua kama kazi itaishi. Pamba na kitani hupokea vizuri zaidi kuliko nyuzi za plastiki. Mihuri yenye mistari minene ndiyo inayofaa, kwa kuwa mfumo wa nyuzi za kitambaa huumeza mstari mwembamba.

Muhuri wenyewe una sauti katika uchaguzi huu. Mpira mwekundu tunaoutumia ni mpira uliopikwa pamoja na salfa, mbinu ambayo Charles Goodyear aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1844. Bila hiyo mpira ungekuwa unanata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi, na hakuna muhuri wa mpira ambao ungekuwepo. Mpira huo hupokea karibu kila aina ya wino na kuusambaza sawasawa. Mihuri ya kuona upande wa pili, inayotengenezwa kwa plastiki inayogandishwa kwa mwanga, ina faida kubwa ya kukuonyesha mahali unapopiga, lakini ikiwa mipya huwa na utelezi unaoufanya wino ujikusanye katika vitone. Kabla ya kuibadilisha pedi, isugue mihuri hiyo kwa upole kwa ufutio mweupe, au upitishe msasa laini sana juu yake mara moja, kisha uipangushe. Mara nyingi hapo ndipo tatizo linapoishia. Wino wa rangi iliyoyeyuka utaipaka madoa ya waridi au ya buluu ambayo hayatoki, na madoa hayo hayana madhara. Wino wa kiyeyushi na visafishio vyake ni jambo tofauti, kwa sababu huweza kuidhoofisha plastiki hiyo na kuifanya iwe na ukungu, kwa hiyo kazi za kioo na bati mimi huiachia mihuri ya mpira.

Na wino unapakwa kwa pedi kuujia muhuri, si muhuri kuiendea pedi. Ninaushika muhuri uso ukiwa juu, kisha naugusa kwa pedi kwa mapigo mepesi mengi, nikiinamisha dhidi ya mwanga ili nione kama mng'ao umeenea. Anayeukandamiza muhuri ndani ya sifongo huujaza wino hadi kwenye mabonde yake na pembezoni, na karatasi huonyesha mpaka wa mpira kuizunguka picha.

Kuhusu mwanga, wanaotengeneza kadi zitakazofunguliwa na kuwekwa ndani ya sanduku hawana haja ya kuumiza kichwa. Ila kazi itakayotundikwa ukutani ni habari nyingine. Watengenezaji wa rangi hutumia kipimo cha kupauka kwa mwanga kiitwacho kipimo cha sufu ya buluu, chenye ngazi kuanzia 1, inayopauka upesi, hadi 8, inayostahimili zaidi. Ukiona wino umetajiwa ngazi hiyo, umepata taarifa ya kuaminika kuliko sifa zote za kifuniko. Usipoiona, piga chapa mbili za kila rangi, funika moja kwa kipande cha kadi nyeusi, bandika zote dirishani na uziache huko mpaka uzisahau. Katika wino wa rangi iliyoyeyuka, waridi na zambarau huwa za kwanza kuondoka. Nyeusi nayo inaweza kukushangaza, kwa kuwa mara nyingi imechanganywa kutokana na rangi kadhaa ambazo hazipauki kwa mwendo mmoja, na baada ya muda unabaki na kahawia ambayo hukuinunua. Maneno «isiyo na asidi» yasikuchanganye katika hili. Yanamaanisha kwamba wino au karatasi haitaila picha iliyobandikwa karibu nayo, na kwa albamu ni maneno ya maana sana, lakini hayaahidi lolote kuhusu kupauka.

Kuna pedi moja ambayo karibu kila mtu anayo tayari, ile ya mihuri ya ofisini, na wengi huanzia hapo. Wino wake umetengenezwa ili pedi ivumilie kufunguliwa kutwa nzima bila kukauka, na hushika kwa kunywewa na karatasi za kawaida za barua na stakabadhi. Kwa bahasha na lebo za karatasi ya kahawia unafaa kabisa, na sioni sababu ya kuudharau. Juu ya kadi ya kung'aa haukauki, na chini ya brashi yenye maji huchafuka papo hapo, kwa sababu hizo nilizokwisha kuzieleza.

Pedi za kitambaa kigumu zenye wino wa rangi iliyoyeyuka nazihifadhi zikiwa kichwa chini, ili wino ubaki karibu na uso. Za sifongo zenye wino mzito hukaa kawaida. Pedi ikianza kutoa chapa zilizofifia, haijafa: karibu kila aina ina chupa yake ya kujazia, na matone machache yaliyosambazwa kwa ukingo wa kadi ya plastiki huirudisha, mradi wino wa chupa uwe wa ukoo uleule na wa pedi. Kutia wino wa kiyeyushi katika pedi ya wino wa maji ni kuziharibu zote mbili kwa pamoja.

Anayeniuliza anunue nini kwanza, akiwa hajawa na pedi hata moja, namwambia aanze na nyeusi inayostahimili kile anachojazia rangi, iwe maji au spiriti. Kisha pedi ya kunata isiyo na rangi, kwa kuwa hiyo na chupa chache za unga humpa dhahabu, nyeupe na rangi nyingine bila kununua pedi ya kila moja. Nyeupe ya chembe inafuata ikiwa anapenda karatasi nyeusi. Wino wa kioo na wa nguo usubiri mpaka kuwe na kioo au nguo mezani, kwa sababu pedi ya kiyeyushi inayokaa bila kazi huzeeka ndani ya kifuniko chake. Rangi nyingine zote anaweza kuzinunua katika vipande vile vidogo vidogo, maana pedi ikishakuwa ndiyo inayoujia muhuri, pedi ndogo hupaka muhuri mkubwa bila shida, na kwa pedi ndogo tatu mtu anaweza kupaka rangi tatu juu ya ua moja kabla ya kulipiga.